Debe Tupu

Novemba, Dimboola. Ngano imekauka hadi inasema,
na Baba anaitikisa pampu yake sikioni
kama mtu anayechagua nazi.
"Imo," ananiambia. "Sikia."

Kweli nasikia: chakacha, chakacha,
punje ndani ya plastiki nyeupe.

Si dawa hiyo, Baba.
Alinieleza Bi Lorna wa duka la dawa,
miwani moja puani, nyingine kichwani:
kinacholia humo ni kikaushio,
kazi yake kunywa unyevu, poda isigande.
Dawa yenyewe haina sauti,
mara nyingi haina hata ladha.
Ndiyo maana watu huvuta, wakadhani hawakuvuta,
wakaongeza, wakaongeza.
Soma kidirisha. Sifuri, kwenye wekundu.
Debe tupu haliachi kuvuma.

Baba ni mtoto wa pampu ya buluu.
Buluu kwenye trekta, buluu kwenye koti la kanisani,
buluu ndani ya kopo la misumari.
Miaka arobaini ilimfungulia mlango
na kuuacha moto ukiwaka sebuleni.
Ami Reinhold walimkuta garini, wipa zikifuta kioo kikavu,
ile ya buluu kiganjani.
Kwetu habari hiyo haisemwi mezani.

Hii mpya ina wawili katika pumzi moja:
mmoja hufungua, wa pili hutuliza uvimbe.
Baba alisema, "Wawili wa nini? Mimi ni mmoja."

Ijumaa mbingu ikawa rangi ya ini.
Upepo wa kaskazini ukachota chavua ya malisho yote,
mvua ikaipasua vipande visivyoonekana,
na mbwa wakaingia chini ya tangi.
Baba akaja kutoka kwenye mashine ya kuvunia,
akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili,
mabega yakipanda, yakishuka, yakipanda.
"Funga gha—" akasema.
Neno ghala halikufika.

Nikamkalisha wima. Nikafungua pampu mpya.
Isimamishe, Baba. Zungusha kitako hadi mwisho, rudisha: tik.
Toa pumzi, ila usiipulizie humo,
mvuke wa kinywa chako ni adui yake.
Sasa vuta kwa nguvu,
kama ulivyonyonya petroli kwa mpira mwaka wa ukame.
Shikilia. Shikilia.

Moja.
Saa ya jikoni, zawadi ya chama cha ushirika, iko mbele dakika nne,
nikaitazama hivyo hivyo.
Mbili.
Nilikuwa nimeandika kwenye kalenda, kando ya milimita za mvua,
maneno ya daktari wake: sita kwa mkupuo mmoja, basi.
Lakini mtu asiyemaliza neno
hangojwi afike sita.
Baada ya ya tatu nilikuwa nimeshapiga simu,
nasema jina letu herufi kwa herufi,
Noske, N kama Novemba,
huku namwonyesha Baba kwa kidole: tena, vuta.

Ambulansi ilitoka Horsham.
Ngano ya kambi ya chini ililowa, yote.

Jumatano alirudi nyumbani, ana aibu kama mvulana.
Sasa akishavuta husukutua, hutema kwenye jerani za Mama,
kisha hukisoma kidirisha kwa lenzi ya kusomea Biblia
na kutangaza namba kwa sauti, kama bei ya mnadani.
Ikipita siku akaihitaji kuliko kawaida yake,
humpigia daktari mwenyewe, siku ile ile,
akilalamikia muziki wa kungojea.

Ile tupu hajaitupa.
Jana nilimkuta barazani akiitikisa:
chakacha, chakacha.
"Wangeiacha ikae kimya," akanung'unika,
"mtu angejua."